Vitanda vya Kuazima

Siku ya kliniki Koleta alifika zahanati ya Nyakiyobe akiwa na beseni lake la bluu kichwani. Ndani ya beseni mlikuwa na vitu ambavyo kila mjamzito wa kijiji hicho huambiwa aje navyo: kanga, mpira wa kuzalia, pamba, glovu, nyembe, vibanio vya kitovu na kopo la kuchukulia uji. Akalitua chini ya benchi, akawaamkia waliomzidi umri, akakaa kati ya Agripina na Kwandu. Benchi lilikuwa fupi na wanawake walikuwa wengi, hivyo walikaa wamebanana tumbo kwa tumbo, wakisogea kidogo kila mwenzao alipoitwa.

Zamu yake ilipofika alijilaza kwenye meza iliyotandikwa blanketi, na nesi Felisita akampima tumbo kwa futi ya fundi cherehani. Kisha akaweka kile kipembe cha mbao cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akainamisha sikio. Moyo ulikuwa unapiga vizuri. Baada ya mapigo alimsikia mtoto akiuliza kama mlango umeshafunguliwa.

“Bado,” alisema Felisita.

Felisita aliandika mapigo kwenye kadi, akamwambia Koleta aendelee na vidonge vya kuongeza damu na arudi mwezi ujao. Miezi tisa ya Koleta ilikuwa imeisha wakati maharage yanapandwa. Sasa maharage yalikuwa yamevunwa, yamepukuchuliwa, na mengine yameshaliwa. Alishuka mezani, akavaa kandambili, akachukua beseni lake likiwa vilevile lilivyokuja, na Felisita akaita anayefuata.

Mlango uliokuwa unaulizwa ulikuwa wa jengo la jirani, wodi ya wazazi. Wanakijiji walilijenga wenyewe mpaka kwenye lenta. Wanaume wa familia za Kihangaza walipasua mawe bondeni, na wale Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza wakatoa mikokoteni ya kusombea mchanga. Wanawake walipanda kilima na ndoo za maji ya kumwagilia matofali. Koleta alikuwa mmoja wao, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Serikali ikaleta bati, madirisha ya vioo na vigae, fundi akapaka rangi ya maziwa, na jengo likaisha.

Lilipoisha likafungwa. Philbert, mtendaji wa kijiji, aliweka ufunguo mfukoni na kufunga utepe mwekundu mlangoni, kwa sababu jengo la namna hiyo halitumiki mpaka lizinduliwe, na halizinduliwi bila mgeni rasmi. Jiwe la uzinduzi lilikuwa limeshachongwa na jina la mgeni rasmi lilikuwa limeshapakwa rangi ya dhahabu. Siku ya uzinduzi ilipokaribia, mgeni rasmi akaondolewa kazini. Likachongwa jiwe la pili, na mwenye jina la pili akahamishiwa mkoa mwingine. Jiwe la tatu lilikuwa bado kwa mchongaji mjini Nyakanazi, likisubiri watu wakubwa watulie kwenye viti vyao. La kwanza wanawake walilipeleka mtoni, likawa la kufulia. Ukifua hapo, sabuni inapita juu ya jina la mheshimiwa. La pili mke wa Philbert, ambaye ndiye Agripina, alilitumia kuzuia mlango wa banda la kuku.

Uchungu wa kwanza ulimkuta Koleta utepe ukiwa bado mpya. Felisita alimpima mezani, akaona mtoto amekaa vibaya na pale hapafai, akatuma mtu kufuata ufunguo wa wodi. Philbert alikuwa kwenye kikao mjini na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Basi Koleta akapakiwa kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mumewe Juvenali, wakaelekea njia ya Rulenge, hospitali. Walipopita mbele ya wodi, aliona sura yake kwenye kioo cha dirisha. Mtoto wa kike alizaliwa kwenye majani, kando ya shamba la mikaritusi. Alilia kidogo, akanyamaza, na dereva aliporudi na kitambaa cha kumfunika alikuwa ameshakufa. Kondo ya nyuma huko huzikwa kwenye shina la mgomba karibu na nyumba, na ndizi za mgomba huo haziuzwi. Juvenali alichimba shimo moja, akazika kondo na mtoto pamoja. Watu walikuja kuwapa pole na kuwaambia ni mapenzi ya Mungu. Maneno hayo yalimchoma Koleta, na mpaka leo yanamchoma, kwa sababu ufunguo hakuwa nao Mungu.

Mimba ya pili ilipotimiza miezi yake, Koleta alikuwa uani akipepeta maharage. Mtoto akasema kutoka tumboni kwamba yeye hatapanda pikipiki. Juvenali, aliyekuwa anafunga mbuzi, alimuuliza amejuaje habari za pikipiki.

“Dada alisema,” mtoto akajibu.

Juvenali akamaliza kufunga mbuzi. Jioni walizungumza, mke na mume, wakakubaliana kwamba mtoto ana haki. Hata hivyo walikwenda hospitali, maana mtu hawezi kukaa tu. Daktari alimsikiliza Koleta, akamtundikia dripu ya kuanzisha uchungu, na mtoto akajigeuza upande wa pili akalala. Daktari akasema mama mzima, mtoto mzima, na kupasua mtu kunataka sababu. Kama pana mabadiliko, warudi. Wakarudi nyumbani kwa pikipiki ileile, na mtoto alinung'unika njia nzima.

Habari zilienea kwenye benchi la kliniki. Wanawake wakikaa wamebanana vile, watoto nao wanasikilizana. Mtoto wa Agripina aliambiwa na mtoto wa Koleta, akamwambia wa Kwandu, na siku ya kliniki iliyofuata mimba zote za kijiji zilikuwa zimesimama. Matumbo hayakuongezeka wala kupungua. Watoto waliokuwa tayari walikaa tayari. Wanawake waliendelea kulima, kuchota maji na kupika, wakijishika kiuno. Duka la chini likaacha kuleta sabuni za watoto. Katekista alikaa bila ubatizo hata mmoja, akatumia muda huo kuezeka jiko lake upya. Wanaume walilalamika, hasa mume wa Kwandu, mfugaji aliyezoea mambo yanayokwenda kwa wakati wake.

“Dada, ng'ombe wetu wamezaa mala mbili,” Kwandu alimwambia Koleta mtoni, wakifua juu ya jina la mheshimiwa. “Mimi niko palepale. Bwana ananiangalia kama nimemfanyia makusudi.”

Kwandu hakuwa na ndugu wa karibu huku. Mama yake alikuwa Shinyanga, mbali, na Koleta ndiye aliyemzoea. Walikuwa wameahidiana kwamba siku ikifika watakwenda pamoja, mmoja amshike mwenzake mkono.

Robo ya mwaka ilipoisha, takwimu zilipelekwa juu. Nyakiyobe haikuwa na kifo cha mzazi wala cha mtoto mchanga. Robo iliyofuata ikawa hivyohivyo. Wakubwa wakaja na gari jeupe, wakaleta cheti na saa ya ukutani, wakavitaka vijiji vingine vije kujifunza. Felisita alinyoosha mkono, akasema vifo havipo kwa sababu hata uzazi haupo. Aliyeleta saa akamjibu kwa upole kwamba si vizuri kutafuta sababu ya kuharibu mafanikio. Saa ikatundikwa juu ya meza ya kupimia.

Felisita alikuwa ameomba nesi wa pili tangu jengo likiwa kwenye msingi. Alijibiwa sasa kwamba kituo kisichozalisha hata mama mmoja hakihitaji nesi wa pili. Dawa nazo hugawiwa kwa kuangalia zilizotumika, na kwa kuwa sindano za kuzuia damu kwa mama aliyejifungua hazikutumika, za mwanzo ziliisha muda kabatini na nyingine hazikuletwa. Felisita aliuliza, je, watoto wakiamua kutoka? Akaambiwa aandike maombi wakishatoka. Siku hiyo alikwenda nyuma ya wodi akalipiga teke tangi la maji. Tangi lilikuwa tupu, likalia kama ngoma, na watu wakatoka majumbani wakidhani kuna mkutano.

Koleta alichoka kupigwa danadana. Alijitanda kanga yake nzuri akaenda ofisini kwa mtendaji. Philbert alikuwa anakula mhogo wa kuchoma. Alimkaribisha vizuri, akampa kiti chenye mgongo, na kabla hajaulizwa akaanza kujitetea.

“Mke wa Juvenali, hata mke wangu anasubiri. Usiku mtoto ananisema mpaka asubuhi, nalala chini kwenye mkeka nisimsikie. Lakini nikifungua bila mgeni rasmi, kesho kazi sina. Kuna mwenzangu alifungua darasa watoto wasinyeshewe, sasa hivi anauza vocha stendi.”

Koleta akamwambia kwamba yeye hakuja kuomba. Aliyekuja kuomba yuko tumboni, na ni bora mtendaji azungumze naye mwenyewe. Philbert akafuta mikono, akafunga kifungo cha shati, akasimama mbele ya tumbo kama anavyosimama kwenye mkutano wa hadhara. Alimweleza mtoto kwamba serikali yake inamjali, kwamba mchakato uko hatua za mwisho, na kwamba kinachotakiwa ni subira na ushirikiano.

“Vitanda vipo?” mtoto akauliza.

“Vitakuwepo.”

“Na maji?”

“Yatakuwepo.”

“Na wa kumsaidia nesi?”

Philbert akakaa. Alimgeukia Koleta, akasema mtoto huyo amelishwa maneno na mtu. Koleta akajibu kwamba hakuna aliyemlisha, amekaa muda mrefu tu akisikiliza. Akaaga. Alipofika nje alishindwa kujizuia, akalia kwa hasira, akaegemea ukuta wa ofisi mpaka hasira ikapungua akaweza kutembea.

Hatimaye wakubwa wakatulia kwenye viti vyao na jiwe la tatu likaja. Kijiji kikachemka. Barabara ilichongwa, mawe ya kando yakapakwa chokaa, mbuzi aliyekuwa ametafuna utepe wa zamani akafungwa mbali na utepe mpya. Siku moja kabla ya uzinduzi likafika lori. Lilishusha vitanda, magodoro yenye nailoni, mizani ya kupimia watoto, mtungi wa hewa na mashine ya kuwapasha joto watoto njiti, ambayo waya wake uliwekwa nyuma ya pazia kwa kuwa umeme ulikuwa haujavutwa. Gari la maji likajaza tangi. Wakashuka pia wauguzi wawili waliovaa nguo nyeupe mpya, wakaoneshwa mahali pa kusimama.

Felisita alimuuliza dereva wa lori vitu hivyo vimetoka wapi. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya sufu, hakumficha. Ni vya kuazima, alisema, vimetoka kituo cha kata nyingine ng'ambo ya vilima, na wauguzi nao ni wa huko. Wajawazito wa huko wameambiwa wavumilie siku moja. Yeye ameweka saini kwamba mgeni akiondoka anavirudisha vyote.

Felisita alikwenda kuwaambia wanawake. Aliwanong'oneza mmoja mmoja, sikioni, maana tumboni kunasikika. Mpango wao ulikuwa mwepesi. Watasimama karibu na mlango, na utepe ukikatwa tu waingie, kila mmoja ashike kitanda. Mtu akishalala kitandani na uchungu wake, nani atamtoa? Koleta alikubali. Kitu kimoja kilimsumbua, kwamba alikuwa anamdanganya mtoto wake, mtu aliyekuwa hajamdanganya yeye hata mara moja. Akajiambia kwamba akishazaliwa atamweleza.

Mgeni rasmi alitakiwa kufika asubuhi. Alichelewa Nyakanazi, ambako msafara wake uliandaliwa kuku wa kienyeji na ukaona si adabu kuondoka bila kula. Wanawake wakasimama juani na mabeseni yao. Watoto wa shule waliimba nyimbo zote walizofundishwa, wakazirudia. Alipofika alikuwa mchangamfu, alicheza ngoma kidogo, akakaa chini ya turubai, na hotuba zikaanza. Alisema amekuja kujifunza kutoka kijiji ambacho kifo cha uzazi kimebaki historia. Alipiga makofi, watu wakapiga. Kisha akapewa mkasi kwenye sinia akakata utepe.

Utepe ulipoanguka, chupa za uzazi zikapasuka, za wanawake wote kwa pamoja. Mgeni rasmi alinyanyua kiatu kimoja, halafu cha pili, akasema anafurahi kuona mradi umeanza kutoa matokeo palepale. Picha zikapigwa. Alikuwa na ratiba nyingine Biharamulo, hivyo msafara ukaondoka na vumbi lake, magari yote pamoja na gari la wagonjwa, ambalo hutembea na msafara ili mkubwa akiugua njiani apate msaada.

Ndani mambo yalikwenda vizuri kwa muda. Agripina alijifungua wa kwanza, mtoto wa kiume, mnene, aliyekuja anatazama kitanda kwa kukikagua. Wauguzi wa kuazimwa walikuwa wanajua kazi. Walikunja mikono ya nguo zao mpya wakapokea mtoto wa pili na wa tatu, wakawafuta, wakawapima kwenye mizani. Maji yalitoka bombani. Felisita alikuwa anacheka peke yake, kitu ambacho hakuna aliyekumbuka kukiona. Koleta alilala kwenye kitanda cha mwisho karibu na dirisha, uchungu ukija na kwenda, na mtoto akamwambia kwamba anasikia harufu ya rangi.

“Ni wodi,” alisema Koleta. “Njoo.”

Dereva wa lori alichungulia mlangoni akiwa amevua kofia. Jua lilikuwa linashuka na barabara ya vilimani ni mbaya. Aliwapa hongera kina mama, akasema anaomba radhi, lakini saini ni saini, na huko vilikotoka kuna mama analalia mkeka. Hapakuwa na mtu wa kugombana naye, maana alisema kweli. Philbert aliingia na vijana wa kubeba, mtoto wake mchanga mkononi, akawa anaelekeza kipi kianze. Waliojifungua waliombwa washuke, wakashuka. Wauguzi wawili waliitwa, kwa sababu lori ndilo lilikuwa usafiri wao. Mmoja alivua glovu akamwekea Felisita mkononi zile zilizobaki kwenye boksi, akatoka.

Kwandu alikuwa amekosa kitanda tangu mwanzo. Alijifungulia sakafuni, juu ya kitenge chake, kwenye vigae vilivyokuwa vinang'aa, mtoto wa kike. Damu haikukatika baada ya kondo kutoka. Felisita alikuwa peke yake sasa. Alimkandamiza tumbo kwa mikono yote miwili, akaita aletewe sindano ya kuzuia damu, halafu akakumbuka kwamba aliyekuwa anamwita ni yeye mwenyewe na sindano hakuna. Koleta alimwona mwenzake anageuka rangi. Walikuwa wameahidiana. Akashuka kitandani akiwa na uchungu wake, akapiga magoti, akamshika mkono, akawaomba wanaume wamnyanyue Kwandu wampandishe kwenye kitanda chake, pale juu, ainuliwe miguu.

Wanaume waliona kitanda kitupu. Waliambiwa vitanda vitupu vitolewe, wakakitoa. Hawakuwa watu wabaya. Mmoja wao ndiye aliyempa Koleta shuka lililokuwa juu yake.

Juvenali alikimbia barabarani kuuwahi msafara, kwa ajili ya lile gari la wagonjwa, akakuta vumbi limeshatulia. Alirudi na pikipiki. Kwandu akafungwa kwa kitenge kati ya dereva na mumewe, wakaelekea njia ile. Alifia barabarani, mbele kidogo ya kibao cha mpaka wa wilaya, na mumewe aliendelea kumshikilia mpaka hospitali kwa kuwa hakuona sababu ya kumshusha mahali pengine.

Koleta alibaki sakafuni na mtoto wa Kwandu kifuani. Nje lori liliwaka, likabadilisha gia kwenye mteremko, likasikika mpaka ng'ambo ya daraja. Bomba likakohoa, maji yakaisha. Uchungu wake nao ukaisha, wote, kama yale maji. Alingoja kidogo.

“Mama,” mtoto akasema, “vile vitanda vilikuwa vya nani?”

Koleta alimwambia. Alimweleza yote, kwamba alijua tangu jana na kwamba alimficha.

“Basi mimi nasubiri,” mtoto akasema. Sauti yake haikuwa na chuki. Akajigeuza, akakaa kama alivyokuwa amekaa.

Koleta hakumbembeleza. Maziwa yalikuwa yamemjaa tangu msimu uliopita, na mtoto wa Kwandu alikuwa analia, basi akamnyonyesha palepale. Mume wa Kwandu alipotoka kuzika, alikuja kumchukua, akamkuta ananyonya, akakaa kizingitini. Akasema bibi ya mtoto yuko Shinyanga, na huko hakuna mwenye maziwa. Akaomba mtoto abaki kwa Koleta, akawa anamletea samli na kukaa naye kila Jumapili. Akampa jina la Happyness, ambalo Kwandu alikuwa amelichagua siku nyingi.

Wodi ikafungwa tena, kwa kuwa haina vitanda wala maji wala watu. Philbert ana ufunguo. Ukutani jiwe la tatu linasema jengo limefunguliwa rasmi, na kwa hiyo hakuna anayeweza kuomba lifunguliwe. Felisita aliandika maombi ya sindano baada ya watoto kutoka, kama alivyoelekezwa, akajibiwa kwamba yatazingatiwa mwaka wa fedha ujao. Kifo cha Kwandu hakikuandikwa upande huu kwa sababu alifia ng'ambo ya kibao, na hakikuandikwa upande ule kwa sababu alikuwa mtu wa huku. Robo ya mwaka ilipoisha ikaletwa saa ya pili. Felisita aliitundika pembeni ya ile ya kwanza. Hazilingani, na akina mama huchagua ya kufuata kulingana na walivyoondoka nyumbani.

Baadhi ya mimba zilizokuja baadaye nazo zilianza kusubiri. Wengine hutoka hivyohivyo, mezani au njiani, wapo wanaoishi na wapo wasioishi. Mtoto wa Koleta hajatoka. Ana sauti nzito kidogo sasa, na mwalimu wa darasa la awali alipokuja kuandikisha watoto wa miaka ijayo alimuuliza maswali mawili ya hesabu kupitia kanga akaridhika, ila akasema sare ya shule itakuwa tatizo. Koleta analima hivyo, mmoja mbele na mmoja mgongoni. Juvenali amepanda mgomba mwingine kando ya ule, shinani mwake hakujazikwa kitu. Umeshazaa mkungu wake wa kwanza, na wanashindwa kuamua kama ndizi zake zinauzika.

Siku ya kliniki Koleta huja na beseni lake la bluu. Mpira wa kuzalia ulipasuka kwenye kunjo, akaubadilisha. Mwezi uliopita alipanda kwenye meza na Happyness akasimama chini, akishika pindo la blanketi. Alikuwa anatembea vizuri ila alikuwa hajasema chochote, si mama wala dada, na Koleta alikuwa ameanza kuwa na wasiwasi. Felisita akaweka kipembe cha mbao, akainamisha sikio.

Mtoto akauliza kama vitanda vimerudi.

Felisita alikuwa amelijibu swali hilo mara nyingi, na siku hiyo likamshinda. Happyness akaachia blanketi, akaenda dirishani. Kutoka pale aliiona wodi, vioo vyake, na sakafu tupu mahali mama yake alipomwacha. Kisha akarudi, akaweka kinywa karibu na tumbo la Koleta kama alivyoona wakubwa wanavyofanya.

“Bado,” akasema.

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Felisita akaandika mapigo kwenye kadi, akawaambia warudi mwezi ujao, akaita anayefuata.